Ufunguo Bila Baiskeli

Mpwa wangu alibisha hodi saa mbili usiku, nyumbani kwetu Makorora. Aliponiamkia niliitika marahaba, kisha nikachungulia nyuma yake ukutani, pale anapoiegemeza baiskeli siku zote. Ukuta ulikuwa mtupu. Akafumbua kiganja akanionyesha ufunguo. Kile kifunguo kifupi cha baiskeli za Japani, kichwa cha plastiki nyeusi, kimefungwa kwa kamba ya kiatu. Kufuli lake lilikuwa limeondoka na baiskeli.

Kwa asiyeijua Tanga niseme kidogo. Mji wetu ni tambarare, na baiskeli hapa ndiyo miguu ya watu. Fundi wa kujenga anakwenda nayo kazini ndoo ikiwa imening'inia kwenye usukani, mama anampeleka mtoto shule kwenye keria, mzee wa miaka sabini anakwenda nayo sala ya alfajiri. Kijana huyu alikuwa anasambaza mikate. Saa kumi na moja alfajiri yuko kwenye tanuri, saa moja na nusu ameshamaliza maduka ya Mabawa na Chuda. Kwa hiyo alipokuja na ufunguo mkononi nilielewa kuwa hakuibiwa chombo cha kutembelea. Aliibiwa kazi.

Mke wangu alikuwa anafungua kinywa. Nikamkonyeza. Nilijua anataka kuuliza nini, kwa sababu hata mimi lilikuwa linaniwasha ulimini: "Hukufunga?"

Swali hilo nalijua uchungu wake. Mwaka 1998 niliibiwa Phoenix nyeusi nje ya msikiti, siku ya Ijumaa, nikiwa ndani nasikiliza hotuba. Ilikuwa mpya, hata karatasi ya kiwandani ilikuwa bado imezungushwa kwenye bomba la juu, maana wakati ule tulikuwa hatuibandui ili ijulikane kuwa ni mpya. Baiskeli iliibiwa mara moja, lakini wiki nzima nilikuwa nikiibiwa upya na kila aliyekuja kunipa pole. Si ungefunga. Si ungeiacha kwa fulani. Mimi yangu naifunga na mti. Shemeji yangu mmoja alinieleza kwa dakika ishirini jinsi ambavyo yeye hawezi kuibiwa. Mwaka uliofuata akaibiwa, na nakiri nilikwenda kumpa pole kwa hamu.

Basi mpwa wangu nikamwacha ale kwanza. Wali na samaki wa kukaanga. Alipomaliza ndipo akasimulia mwenyewe, bila kuulizwa.

Alikwenda kwa wakala wa pesa, Ngamiani, kumtumia mama yake. Akaiegemeza baiskeli dirishani kwa wakala, akalifunga lile kufuli la pete lililoko gurudumu la nyuma, akatia ufunguo mfukoni. Ndani palikuwa na foleni ya watu watatu. Alipotoka hakuikuta. Mama muuza mihogo aliyekaa ng'ambo ya barabara aliiona ikiondoka. Alimwona kijana ameinyanyua nyuma kwa keria, gurudumu la mbele linabingirika, anatembea taratibu bila hofu yoyote. Akadhani imeharibika na anaipeleka kwa fundi.

Hapo ndipo nilipoanza kusema, na niliyomwambia usiku ule ndiyo haya ninayoandika, pamoja na mengine yaliyonijia baadaye.

Lile kufuli la pete haliifungi baiskeli mahali. Linazuia gurudumu lisizunguke, basi. Kule Japani zilikotoka, linamtosha mtu anayeingia dukani mara moja, na isitoshe kule kila baiskeli sheria inataka isajiliwe, jambo lililofanywa lazima mwaka 1994. Ndiyo maana mtumba wa Japani unakuja na kistika kidogo cha maandishi yao na namba. Huku kwetu kimebaki kistika tu. Mwizi anainyanyua nyuma, anasukuma, na mtu anayebeba baiskeli iliyofungwa anafanana kabisa na mtu anayebeba baiskeli mbovu. Hakuna anayemshuku. Akifika mahali pa faragha analipiga kufuli nyundo mbili.

Silidharau. Lifunge, linampunguzia mwizi mbio, maana hawezi kupanda akakanyaga. Lakini lihesabu kuwa ni la pili. La kwanza liwe ni lile linaloifunga baiskeli na kitu ambacho hakiendi popote.

Na hapo kwenye la kwanza nina hadithi nyingine. Mwaka 2007 nilikuwa na baiskeli ya gia, nyekundu, nimeinunua kwa mwalimu mmoja aliyehama. Nilikuwa nimeshatiwa adabu na ile Phoenix, kwa hiyo usiku niliiingiza ndani, kwenye ukumbi wa nyumba ya kupanga, nikaifunga kwenye nondo ya dirisha kwa ile waya iliyovikwa plastiki ya kijani, yenye namba nne za kuzungusha. Nikalala usingizi wa tajiri. Alfajiri nikatoka kwenda chooni, taa ya ukumbini inawaka, waya uko sakafuni umejikunja kama nyoka aliyeuawa. Niliuokota. Ile plastiki nene kama kidole inadanganya; ndani yake waya wenyewe haukufikia unene wa penseli, nyuzi nyembamba zilizosokotwa, na zilikuwa zimekatwa kwa koleo kwa mikato mitatu au minne. Ncha zake zilikuwa zinang'aa. Mlango wa mbele ulikuwa umefunguliwa kwa ndani.

Kwa ndani. Sisi wapangaji tulikuwa vyumba sita. Sikumtaja mtu na hadi leo simtaji, kwa sababu sikuona. Lakini nilijifunza kuwa "nimeiweka ndani" siyo jibu, ndani pana watu wake na wageni wa watu wake. Nyumba ya kupanga ina ukumbi wa kila mtu, na ukumbi wa kila mtu ni barabara yenye paa. Tangu siku ile baiskeli yangu inalala chumbani. Mke wangu amelalamika miaka yote hii kuhusu mafuta ya cheni kwenye shuka. Haki yake, lakini baiskeli inalala chumbani.

Waya zile za namba niliachana nazo hapo. Fundi mmoja wa kijiweni alinionyesha siku moja, kwa mzaha tu: akauvuta waya ukakaza, akazungusha namba moja moja polepole mpaka akahisi inakwama, akahamia nyingine. Haikuchukua muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Sasa natumia cheni ya chuma, nimeinunua kwa kupimiwa dukani kwenye vifaa vya ujenzi, pete zake nene kuliko kidole changu kidogo, na nimeivika mpira wa ndani wa baiskeli uliokwisha ili isikwaruze rangi. Kufuli nalo lisiwe la kuchekesha. Watu wananunua cheni ya kufungia ng'ombe halafu wanaitia kikufuli cha kisanduku cha shule. Mwizi haangalii cheni, anaangalia pale palipo dhaifu.

Tena kuna jambo ambalo sijaona mtu akiwaambia wenzake, na hapa pwani ni kubwa: kutu. Hewa yetu ya chumvi inakula makufuli. Kufuli likianza kuwa gumu, unazungusha ufunguo mara tatu, unatokwa jasho, mvua inakunyeshea. Siku ya nne unasema, "Aah, naingia mara moja tu," unaizungusha cheni bila kufunga, kuwatishia watu. Siku hiyo ndiyo yenyewe. Kwa hiyo tone la mafuta ya cherehani kwenye tundu la kufuli, kila mwisho wa mwezi. Na ukifunga, tundu liangalie chini lisiingie maji. Mwizi mwenyewe naye atapata taabu kulifikia.

Namna ya kufunga nilimwonyesha kwa vitendo kesho yake, kwa baiskeli yangu na mwarobaini wa jirani. Cheni ipite kwenye fremu, ipite na gurudumu la nyuma, izunguke mti. Fremu kwanza. Nimeona kwa macho yangu, sokoni, gurudumu la mbele limefungwa vizuri sana kwenye nguzo, limesimama peke yake kama kaburi, mengine yote yameondoka. Na hizi baiskeli za gia ambazo gurudumu linafunguliwa kwa kushusha mkono mdogo bila spana, ndizo hasa. Mwenye nazo aende kwa fundi atiwe nati za kawaida.

Halafu iangalie nguzo yenyewe. Itikise. Vibao vingi vya matangazo vimechomekwa tu ardhini, watu wawili wanaking'oa kimoja. Nguzo fupi isiyo na kitu juu nayo si nguzo, baiskeli inapandishwa ikavuliwa kama bangili. Na cheni isiburuze chini, maana ikigusa sakafu ya zege mwizi amepata fuawe ya kupigia nyundo. Iwe juu, imebana, isiwe na nafasi ya kutia chuma cha kupinda.

Siti pia huibwa. Rafiki yangu mmoja alipanda kutoka Raskazone hadi Mikanjuni akiwa amesimama. Dawa yake ni cheni kuukuu ya baiskeli, ile mafundi wanayoitupa: unaitia ndani ya kipande cha mpira, unaizungusha kwenye vyuma vya chini ya siti na fremu, unaigongea pini yake. Inakaa hapo milele na haina gharama. Na kama siti inashikwa na boliti ya kufunguliwa kwa kijispana cha pembe sita, gandisha gololi moja ndogo ndani ya kile kitundu kwa gundi kali. Siku ukitaka kuiondoa utahangaika kidogo, lakini ni wewe unayejua kuwa kuna gololi.

Mpwa wangu alisikiliza haya yote kwa adabu, kisha akasema, "Sasa mjomba, hayo si ya baiskeli iliyopo? Yangu haipo."

Alikuwa na haki. Mimi nami nilikuwa nimeshaanza kuwa yule shemeji yangu.

Tukarudi kwenye yake. Usiku uleule alitaka kwenda kumkabili kijana mmoja wa Ngamiani anayesifika kwa udokozi. Alikuwa amechukua na rafiki zake wawili, wanamsubiri nje. Nilimkatalia kwa ukali ambao sijawahi kuutumia kwake. Nimeona mara moja katika maisha yangu mtu akipigwa kwa ukelele wa "mwizi!", na ilikuwa kwa ajili ya dumu la mafuta ya taa. Aliyepiga ukelele alikuja kujua baadaye kuwa dumu lake lilichukuliwa na mdogo wake. Sitasimulia zaidi. Nilimwambia hivi: baiskeli ya mtumba inanunulika. Ukimtaja mtu barabarani kwa kudhani, ukitamka tu, huwezi tena kuirudisha kauli, na hujui mkono wa tatu una nini.

Dada yangu, mama yake, kwa simu alikuwa na ushauri wake: isomwe Halbadiri, ile dua ya kumwapiza mwizi. Hapa kwetu jambo hilo halihitaji maelezo. Inatangazwa kwamba kitu fulani kimeibiwa na aliyekichukua akirudishe ndani ya siku saba, la sivyo itasomwa. Sicheki. Nimeshuhudia redio ikirudi usiku, imeegemezwa mlangoni, na betri zake. Lakini mwizi wa baiskeli anaiuza kabla ya tangazo kutoka, na aliyeuziwa wala hajui kuwa anasomewa. Nikamwambia dada, "Soma, lakini kwanza aende polisi."

Polisi alikwenda asubuhi. Akaandikishwa, akapewa RB, ile namba ya taarifa yake kituoni, akaulizwa maswali yaleyale niliyoulizwa mimi mwaka 1998 kwenye kituo ambacho sitakitaja. Baiskeli ya aina gani? Rangi gani? Namba ya fremu? Mimi mwaka ule nilijibu, "Phoenix nyeusi." Yule askari hakuniambia kitu. Alinyoosha tu kidole dirishani. Uani palikuwa na baiskeli labda kumi zilizokamatwa, na nane zilikuwa Phoenix nyeusi. "Nenda kachague yako," akasema, "halafu unieleze kwa nini ni yako." Nilizunguka zile baiskeli kama mtu anayetafuta mtoto wake kwenye kundi la watoto waliovaa sare. Mojawapo huenda ilikuwa yangu. Sikuweza kusema.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nimeisikia tangu darasa la pili na sikuielewa mpaka nilipokuwa uani pale.

Mpwa wangu naye hakuwa na namba. Hakujua hata kama baiskeli ina namba. Ina. Nyingi zimegongwa chini kabisa, pale mhimili wa pedeli unapopita kwenye fremu, ambapo matope na grisi vinajikusanya. Nyingine iko kwenye bomba linaloshuka kutoka kwenye siti. Pindua baiskeli, sugua, isome, iandike. Siku hizi simu ina kamera. Piga picha ya namba, picha ya baiskeli nzima upande wa cheni, na picha moja wewe mwenyewe ukiwa umeishika. Kistika cha Japani kikiwepo kipige picha nacho. Kile hakikuandikishi wewe, lakini ni alama, na siku ya kubishana kila alama ni shahidi. Picha zitume kwa mtu mwingine, maana siku ya kuibiwa simu pia ipo.

Jambo la alama nalijua kwa sababu liliniokoa. Hii ndiyo sehemu niliyomsimulia mpwa wangu mara mbili, maana aliipenda.

Baada ya ile nyekundu nilinunua tena Phoenix, inchi 28. Fundi wangu, mzee mmoja wa Kidigo ambaye sasa ni marehemu, aliniuliza kama nina karatasi. Akaniambia niandike jina langu, mtaa na tarehe. Akachomoa siti, akaikunja karatasi ndani ya kipande cha nailoni, akaifunga kwa moto wa kibiriti, akaitumbukiza ndani ya bomba na kipande cha tambara juu yake isigonge-gonge. Akarudisha siti. "Hiyo ndiyo hati yako ya kiwanja," akasema. Nikacheka, nikasahau.

Mwaka 2014 ikaibiwa. Safari hii nilikuwa nimefunga, nilifunga vizuri, na walikata tawi la mti. Tawi! Baada ya miezi minne nilikuwa Pongwe kwenye shughuli ya harusi, nikaona baiskeli imeegemezwa kwenye mkorosho. Rangi yake bluu. Lakini kwenye madigadi ya nyuma palikuwa na kibonyeo ninachokijua, nilikipata siku mwanangu alipoangukia mtaro. Moyo ulinidunda. Sikuigusa. Nilimtafuta mwenyekiti wa mtaa, nikamweleza kando, naye akamwita mwenye baiskeli kwa upole, kana kwamba anataka kumwagiza dukani.

Alikuwa kijana muuza kahawa, ana birika lake na vikombe kwenye ndoo. Alishangaa kabisa. Alisema ameinunua, na nilimwamini hata kabla hajamaliza. Mwenyekiti akauliza, "Bwana, unasema ni yako. Alama yake nini?" Nikasema, "Chomoeni siti." Watu wa harusi walishaanza kujaa. Spana ikatafutwa, siti ikachomolewa, tambara likatoka limeoza, kisha kwa kijiti cha spoki ikavutwa ile nailoni. Mwenyekiti akaichana kwa meno. Wino ulikuwa umefifia lakini jina lilisomeka, akalisoma kwa sauti kubwa mbele ya watu, jina langu na la baba yangu.

Kina mama walipiga vigelegele, kwa kuwa walikuwa tayari wako kwenye vigelegele. Mimi nilitarajia kufurahi zaidi ya nilivyofurahi. Yule kijana alikuwa ameshika birika lake, anaangalia chini. Alikuwa ametoa pesa yake halali kwa mtu wa njiani, hana karatasi, hana shahidi, jina la aliyemuuzia analolijua ni la kwanza tu. Polisi tulikwenda wote, na alihojiwa kwa saa kadhaa, kwa sababu kwa Kanuni ya Adhabu anayepokea mali ya wizi huku akijua ni ya wizi ni mkosaji, na kazi ya kuonyesha kuwa hukujua inakuwa nzito kama huna hata kipande cha karatasi. Walimwachia. Lakini pesa yake ilikwenda, na mguu wake wa kuuzia kahawa niliondoka nao mimi.

Kwa hiyo nilipomwambia mpwa wangu anunue nyingine, nilimwekea sharti. Asinunue njiani. Asinunue kwa bei inayomfanya acheke peke yake. Anayeuza aandike, jina lake lote na simu yake na namba ya fremu, waende kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa wa muuzaji, ipigwe mhuri. Muuzaji akianza kusema ana haraka, mwache na haraka yake. Soko la wezi ni sisi wenyewe tunaopenda bei nafuu.

Na kuhusu kule kwa wakala. Nilimuuliza kama alimwomba mtu amwangalizie. Akasema ndiyo, alisema "Jamani niangalizieni hapo." Alimwambia nani? Aliwaambia wote. Nilimwambia ukisema jamani, hujamwambia mtu. Mama wa mihogo alikuwa pale, anaona kila kitu, hakujua baiskeli ni ya nani. Ungevuka barabara: "Shikamoo mama, ile yenye kikapu ni yangu, naingia kwa wakala, mtu yeyote akiigusa asiyekuwa mimi piga kelele." Unangoja aitike. Ukirudi unanunua kipande cha muhogo hata kama huna njaa. Mara ya pili atakuangalizia bila kuombwa. Kila kituo cha mikate awe na mtu wake wa namna hiyo, anayemjua yeye na anayeijua baiskeli, awe mshona viatu au kijana wa bodaboda. Mimi cheni yangu naipenda, lakini kati ya cheni na mama mwenye sauti pale ng'ambo ya barabara, nachukua mama.

Wiki mbili na nusu alisambaza mikate kwa miguu na kwa lifti za bajaji, maduka mawili wakamhama. Nilimkopesha nusu, nusu akatoa mwenyewe. Tukaenda naye kwa muuza mitumba ambaye ana duka la kudumu, lenye mlango na risiti. Akachagua nyingine ya Japani, ya kijivu, yenye kikapu na taa ya dainamo, na tukapitia vifaa vya ujenzi akapimiwa cheni.

Jioni tuliipindua uani, usukani na siti chini, magurudumu juu. Akamwaga mafuta ya taa kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akachovya mswaki wa zamani, akaanza kusugua chini ya pedeli. Grisi ya Japani ikatoka nyeusi, kisha ya kahawia, kisha chuma. Namba zikaanza kuonekana moja moja. Mimi niko na daftari, yeye anasoma, mke wangu ameshika tochi ya simu. Tulifika namba ya mwisho tukakwama. Yeye anasema ni 3. Mke wangu anasema ni 8. Nikainama mimi na miwani, nikaona kitu ambacho kinaweza kuwa vyote viwili. Akasugua tena. Wakabishana. Nikaandika 3, nikatia mkwaju, nikaandika 8, nikampa kalamu atie sahihi.

Kisha akauliza kama tunayo nailoni.